Baba Alipoanza Kula Tambuu

Kaka yangu ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wake wa suruali. Halikutobolewa na fundi viatu. Limetobolewa kwa msumari, nyumbani, kingo zimechanika, na liko mbali na matundu mengine karibu vidole viwili. Nililiona Ijumaa alipokuja kwangu kula cha mchana, akainama kumnyanyua mwanangu, shati likapanda. Nikamuuliza mbona umekwisha hivyo, kaka. Akacheka, akasema kazi nyingi. Halafu akauliza kama choo kiko wazi, akaingia, akakaa humo mpaka wali ukapoa.

Nikabaki nimesimama na mwiko mkononi, na puani, sijui ilitoka wapi, ikanijia harufu ya tambuu. Nyumbani kwangu hakuna anayekula tambuu. Ilikuwa harufu ya miaka mingi nyuma: chokaa mbichi, popoo iliyopasuliwa, katu, na jani lenyewe likiwa bado limelowana. Harufu ya baba yangu katika mwaka wake wa mwisho.

Nimekasirika. Nalisema mapema, asije mtu akasoma haya akadhani nimekaa nalia. Kulia nililia nikiwa na miaka tisa, nikamaliza. Sasa nina watoto wawili, mmoja bado ananyonya, na kilichobaki ni hasira. Lakini hasira yenyewe ina tabu, kwa sababu kila nikimkasirikia baba namwona yuko barazani, pini mdomoni, ananikonyeza, na moyo unalegea kama uji.

Wenzangu mliolelewa Kariakoo mnaijua nyumba yetu hata kama hamkuingia. Mlango mbele, baraza la saruji huku na huku, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, halafu uwani: jiko, kamba za kuanikia, mpapai mmoja usiozaa, na kwenye kona, choo. Babu yangu Mzaramo ndiye aliyeijenga kwa miti na udongo, baba akaja akaipiga saruji na kuiezeka bati. Sisi tulikaa chumba cha mbele, vingine vilikuwa vya wapangaji. Asubuhi watu kumi na kitu waligombea choo kimoja, na kila mtu alijua kopo la mwenzake kwa sura. Kopo la baba lilikuwa la samli, lina picha ya ng'ombe aliyebanduka kichwa. Kazi yangu ya kwanza kila siku, kabla ya uji, kabla ya chuo cha Kurani, ilikuwa kulijaza maji ya bomba na kuliweka kando ya mlango wa choo. Niliipenda kazi hiyo. Nilijiona nimeshika ufunguo wa siku ya baba.

Alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani tangu jua linachomoza mpaka adhana ya magharibi, cherehani ya miguu mbele yake, pasi ya mkaa kushoto. Alizungumza na pini zake mdomoni na hakumeza hata moja. Mbele yetu dunia nzima ilipita kwenda sokoni: wauza mchicha kutoka bonde la Jangwani, mafungu yao yakidondosha maji njia nzima, muuza kahawa akigonganisha vikombe, wachukuzi wa magunia wakipiga kelele wapishwe, wanawake wa Mchafukoge wakileta vitambaa vya sikukuu na kutaka vishonwe jana. Mimi nilikaa chini ya meza nikiokota vipande. Harufu ya kitambaa kipya kikipigwa pasi ya mkaa, nikiisikia hata leo, napunguza mwendo.

Chumba cha mwisho, kilichopakana na uwani, alikaa Bi Tausi. Alikuwa mtu mzima, Mnyamwezi aliyeteremka pwani akiwa msichana na hakurudi tena kwao. Alisuka mikeka na alikula tambuu. Meno yake yalikuwa na rangi ya matofali. Nikimwamkia shikamoo bibi, huitika marahaba mke mwenza, mume wetu keshaamka? Mume wetu ni baba yangu. Mama alikuwa anasonya, na baba anajibu kutoka ndani kwamba yeye haoi mtu aliyekuja mjini kwa miguu na gunia kichwani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, hilo mnalijua. Wanatukanana mchana kutwa na hakuna kununa. Na siku ya msiba, wengine wakilia, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha: anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anamsema mbele ya watu. Baba alikuwa anamwambia Bi Tausi, wewe utakufa kwanza, na mimi nitavaa kanga zako nisuke mkeka mbovu kama wako. Bi Tausi anamjibu tutaona, Mzaramo, tutaona nani atamvaa mwenzake.

Sasa nifike kwenye choo, maana ndiko mambo yalikokuwa.

Asubuhi moja niliingia mara baada ya baba kutoka. Sakafu ilikuwa ya saruji mbaya mbaya, yenye vishimo vidogo, na kwenye vile vishimo niliona wekundu. Ulikuwa umemwagiwa maji, lakini maji hayakutosha, umebaki mistari myembamba inayoelekea kwenye tundu. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumba ile. Wekundu kwenye sakafu niliujua ni wa nini. Nilikuwa naukuta ukutani, nje ya dirisha la Bi Tausi, kwenye shina la mpapai. Nikatoka mbio nikamwambia mama: Bi Tausi anatema tambuu chooni.

Neno hilo nililipeleka mimi. Nimelibeba miaka yote, na leo naliandika.

Mama alikuwa mwanamke wa usafi uliopitiliza. Alichukua ufagio wa chelewa akaenda kusimama uwani mbele ya Bi Tausi, aliyekuwa amekaa juu ya kigoda chake na ukili mapajani. Akamwambia kwa upole wa kukata kwamba nyumba hii ina watoto wanaotembea miguu chini, na tambuu ina mahali pa kutemwa. Bi Tausi akafungua mdomo kujibu. Halafu macho yake yakampita mama, yakaenda mpaka mlango wa ukumbini. Baba alikuwa amesimama pale na kopo lake la samli mkononi. Bi Tausi akamtazama. Akamtazama sana. Mimi nilihesabu kule kunyamaza kuwa ni kukubali kosa.

"Haya, mwanangu," alisema Bi Tausi. "Nimesikia."

Wekundu haukukoma. Siku mbili tatu hakuna, halafu upo. Mama akawa anaamka kabla ya watu wote kwenda kukagua, na akiukuta huita kila mtu aje aone. Mwisho uvumilivu ukamwishia. Akatangaza uwani, sufuria jikoni zinasikia, kwamba mwezi ukiandama Bi Tausi atafute pengine pa kukaa. Mwanamke yule alikuwa amekaa katika chumba kile tangu enzi ya babu. Aliendelea kusuka, na vidole vyake vilikuwa vinakosea.

Kesho yake baba alitoka sokoni, akaja moja kwa moja uwani. Akasimama mbele ya mama, akafungua mdomo kama anayemwonyesha daktari koo. Ulikuwa mwekundu wote: ulimi, ufizi, midomo.

"Mwache mama wa watu," alisema. "Anayetema ni mimi."

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Mwanamume mzima, fundi wa kanzu za masheikh, anakula tambuu kwa kujificha kama mtoto anayeiba sukari. Alimcheka wiki nzima. Aliwasimulia majirani. Bi Tausi hakuhama. Na mimi nilifurahi kuliko wote, kwa sababu nilipata kazi mpya, ya kwenda kumnunulia baba tambuu.

Nilikuwa naifuata kwa mzee mmoja aliyekaa pembeni ya soko na sinia lake la bati, majani yamepangwa kwa duara chini ya kitambaa kibichi. Anafuta jani, anapaka chokaa kwa kijiti, anatia popoo na katu, anakunja pembe tatu, anafunga kwa karafuu moja. Nikirudi nashikilia kile kifurushi mbali na gauni. Siku moja nililamba chokaa, ulimi ukababuka, nikaona basi, hiki ndicho baba anachovumilia, watu wazima wana mambo yao. Baba alilitia jani mdomoni kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Alitafuna hadharani, barazani, kila mpita njia amwone. Akiingia ndani, nilimwona akilitoa lote na kusukutua mara mbili tatu. Nilidhani hajazoea.

Mtoto anaona kila kitu na anakosea kila kitu. Niliona baba ameanza kufua msuli wake mwenyewe alfajiri na kuuanika wa kwanza kwenye kamba. Wanawake wa jirani walimwonea mama wivu, na mimi nikasema baba anatupenda. Niliona ameacha kanzu nyeupe, anavaa suruali ya kaki na ya bluu nzito, nikasema amekuwa kijana. Niliona anaingia chooni, anatoka, hajakaa hata robo saa anarudi tena, na kila mara nikajaza kopo. Kuna wakati alikaa siku tatu nne bila kwenda, tumbo linamuuma, halafu ghafla anakwenda mbio. Nikasema ni maembe. Niliona cherehani inasimama katikati ya mshono, baba ameweka paji la uso juu ya mkono, anahema kama aliyepanda ngazi. Viganja vyake, nilivyokuwa navijua vyekundu kwa kushika pasi, vilikuwa vimepauka. Nikasema ni joto.

Na suruali. Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Kila baada ya wiki kadhaa aliniita nishike ncha ya utepe wa kupimia nyuma ya kiuno chake, yeye ashike mbele. Anasoma, anaguna, anavua, anajifunga msuli, anakaa kwenye cherehani na kupunguza kiuno cha suruali yake mwenyewe. Akiivaa inamkaa sawasawa, kama mpya. Mimi nilijivuna. Baba yangu ndiye mwanamume pekee mtaa mzima ambaye nguo hazimpwayi. Wanaume wengine wakikonda watu wanawaona. Baba alikonda ndani ya nguo zinazomfuata.

Mchana mmoja wa jua kali nilikuwa chini ya meza, nimelala nusu, miguu ya baba inakanyaga kanyagio karibu na uso wangu. Bi Tausi akaja na ukili wake akakaa barazani. Hakuna mteja, hata muuza kahawa alikuwa kajificha kivulini.

"Mzaramo," alisema, "mimi tambuu nimeanza kula hujazaliwa. Wekundu wake naujua. Ule si wa tambuu."

Kanyagio likasimama.

"Bawasiri tu, mtani," alisema baba.

"Bawasiri gani inamla mtu mpaka anashona suruali kila mwezi? Nenda hospitali ukatazamwe."

"Nikatazamwe wapi? Nikamvulie nguo mtoto wa watu, anitie vidole? Mimi ni baba wa watoto." Niliona vidole vya miguu yake vimejikunja. Halafu akacheka kile kicheko chake cha utani, lakini kilikuwa kifupi. "Nyinyi kazi yenu si kubeba mizigo ya watu? Mmeibeba toka Tabora mpaka hapa. Basi na huu nibebee. Mama asijue."

Bi Tausi alisuka kidogo. Nilisikia ukili ukikwaruza.

"Mzito," alisema.

"Ndiyo maana nimekupa wewe."

Nililisikia neno bawasiri, na kwa kuwa lilisemwa na baba aliyekaa kwenye kiti cha mbao siku nzima, nikaamua ni ugonjwa wa viti vigumu. Kesho yake nilichukua vipande vyote nilivyokuwa nimeokota chini ya meza, nikavishindilia kwenye mfuko wa kaniki, nikaushona kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mishono mikubwa kama meno ya mamba. Nikampa mto. Baba aliutazama mto ule kwa muda mrefu. Akaukalia. Aliukalia mpaka siku alipoacha kukaa barazani. Kama ningemwambia mama neno lile badala ya kushona mto, sijui. Nilikuwa na miaka tisa. Lakini neno la kumsingizia Bi Tausi nililifikisha haraka, na hili la kweli nikaliweka ndani ya mfuko wa kaniki.

Dawa hakukosa. Mizizi iliyochemshwa ililetwa kwenye chupa, akaambiwa akalie beseni la maji ya moto na majani. Damu ilikuwa inakoma siku kadhaa, anapata matumaini, anaimba na cherehani yake. Hapo ndipo ugonjwa ule unapowapata watu, kwenye zile siku nzuri. Kisha tumbo lilivimba, likawa gumu kama ngoma, akawa hapati haja wala hawezi kutoa hewa, anatapika. Ndipo walipomchukua hospitali, akiwa hawezi tena kukataa kuvuliwa. Walimpasua, wakaona, wakamshona. Baba mkubwa aliitwa pembeni akaambiwa hakuna tena la kufanya. Mama hakuambiwa kitu, aliletewa neno moja tu, tumbo. Majirani wakaongeza lao, kwamba fundi mwenzake kamwonea kijicho. Baba alirudi nyumbani akiwa mwepesi hata watu wawili walikuwa wengi kumbeba. Hakumaliza mwezi.

Siku ya tatu ya matanga wanaume walikuwa mbele barazani, na kaka yangu kati yao. Alikuwa anasoma Kisarawe kwa baba mkubwa, alikuja kuzika tu, hakuona chochote cha ule mwaka. Sisi tulikuwa uwani, wanawake wamejaa mikekani mpaka jikoni. Mlango wa Bi Tausi ukafunguka.

Akatoka amevaa suruali ya kaki ya baba juu ya kanga, kofia ya baba kichwani, shavu limejaa tambuu, na mkononi kopo la samli. Wanawake wakapasuka kicheko. Mama, aliyekuwa hajainua uso siku tatu, akainua, akacheka na yeye, maana ule ulikuwa mwendo wa baba hasa: bega moja chini, mkono kiunoni. Akaenda mpaka mlango wa choo akakohoa. "Kuna mtu?" Sauti ya baba. Kicheko. Akaingia, akakaa, akatoka. Akapiga hatua mbili, akashika tumbo, akarudi. Kicheko. Akatoka, akarudi. Mara ya tatu waliocheka ni wachache. Mara ya nne nilisikia nzi.

Akaja mbele ya mama. Akaivua ile suruali, akaigeuza ndani nje, akaifungua kiunoni. Mistari ya cherehani ilikuwa minne, mmoja ndani ya mwenzake, kama maji yanavyokauka kwenye beseni na kuacha alama.

"Tazameni fundi hodari," alisema. "Kila akikonda, anashona." Kisha akazungumza na suruali, si na watu. "Mzaramo, uliniambia nikubebee mzigo, nikakubebea. Ile haikuwa tambuu yangu, na haikuwa yako. Ilikuwa damu. Leo naushusha." Akaliweka kopo la samli miguuni kwa mama.

Mama aliichukua suruali. Alipitisha ukucha juu ya mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Aliuliza jambo moja tu.

"Ulijua, ukaninyamazia?"

"Nilikunyamazia, mwanangu. Aliniomba."

Mama hakumfukuza. Waliishi nyumba ile ile mpaka Bi Tausi alipokufa, na mama ndiye aliyemwosha. Lakini hawakuombana tena chumvi. Tambuu ya mwisho niliyoinunua ilikaa kwenye rafu mpaka jani likawa jeusi, hakuna aliyeitupa.

Waliokuwa uwani siku ile wanamsifu baba hadi leo. Alimwokoa bibi wa watu asifukuzwe, akajichafua kinywa chake kwa ajili yake. Ni kweli. Alikuwa mwungwana, na uungwana ule ule ndio alioutumia kutufungia mlango. Ningemtaka baba asiye na haya, anayepiga kelele uwani kwamba anatoka damu, awaudhi watu wote, na awe hai.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Utumbo mpana tuliuchora kwa penseli, tukaupaka rangi, tukapewa alama. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu atazame anachokiacha chooni. Nilipojifungua huyu mdogo niliona damu, na mimi nikafanya nini? Nikanyamaza wiki mbili, binti wa baba yangu. Kisha nikamwambia mkunga, mkunga akamwambia daktari, nikavua nguo, nikatazamwa. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Ilikuwa bawasiri ya ujauzito. Bawasiri kweli. Nikiwa nafunga kanga nikamsimulia habari za baba, daktari akaweka kalamu chini. Akaniuliza alikuwa na umri gani, na ndugu zangu wako wangapi. Akaniambia ile huenda ilikuwa kansa ya utumbo mpana. Si kila damu ni hiyo, nyingi si hiyo, lakini hakuna anayeweza kujua kwa kukisia, hata yeye daktari hawezi. Mtu akiona damu, au choo chake kimebadilika wiki baada ya wiki, leo kigumu, kesho maji, au kinatoka chembamba, au anahisi hajamaliza kumbe keshamaliza, au anakonda na kuchoka bila sababu, aende atazamwe. Na aliyefiwa na baba kwa ugonjwa huo ndiye asiyetakiwa kungoja kabisa. Nilirudi nyumbani nikakusudia kumwandikia kaka. Mtoto akaugua, nikasahau. Mpaka nilipouona mkanda.

Jumapili nilimfunga mtoto mgongoni nikamfuata kaka kwake. Wifi yangu alikuwa jikoni anachambua mchele. Sikukaa.

"Kaka, ukienda haja kubwa unaona damu?"

Alitazama kwanza mlango wa jikoni. Kabla ya kunitazama mimi, alitazama mlango. Hapo nikajua.

"Una maswali ya ajabu, dada."

"Nimeuliza unaona damu kwenye mavi yako."

"Punguza sauti. Kidogo tu. Bawasiri, viti vya ofisini vile."

Nikamsimulia. Mkanda wangu wa maneno haukukatika: sakafu ya choo, kopo la samli, mto wa kaniki, mishono minne. Alikuwa hajui. Miaka yote hii alijua baba alikufa kwa tumbo, na kwamba mwishoni aliingiwa na ulevi wa tambuu. Alinisikiliza mkono wake uko juu ya lile tundu la msumari, kama anaziba. Nilipomaliza, alikaa. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya baba kabisa.

"Nitakwenda. Naapa nitakwenda. Lakini usimwambie wifi yako."

"Mimi si Mnyamwezi, kaka," nilimwambia. "Huo sikubebei."

Nikamwita wifi. Akaja na ungo wake mkononi, nikamwambia akae chini, kaka ana neno.

Jumanne tulikuwa watatu kwenye benchi la hospitali, na mtoto wangu, wa nne, akilia. Tukaingia wote, kwa sababu nilikataa kubaki nje. Daktari alikuwa kijana, mdogo kuliko kaka. Akauliza hii hali imeanza lini. Kaka akasema wiki mbili. Wifi yangu aligeuza shingo akamtazama.

"Tangu mfungo," alisema kaka.

Mfungo uliisha miezi mitano iliyopita. Daktari hakushtuka wala hakumgombeza. Aliandika, akavuta pazia, akamwambia panda kitandani, vua suruali, lala ubavu. Nilimshika wifi mkono, au yeye ndiye aliyenishika. Kisha nyuma ya pazia tukasikia chuma cha mkanda kikilia, kaka anaufungua.